Soka linaisha 34, pensheni inaanza 55

KILA shabiki mwenye simu ameshakutana na ujumbe huu. Unaingia usiku kwenye kundi la WhatsApp la tawi, una picha mbili. Ya kwanza ya zamani, jamaa kavaa jezi, kifua mbele, mpira uko mguuni. Ya pili ya juzi, kakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, goti limefungwa bandeji. Chini kuna namba ya kutuma mchango na jina litakalotokea. Wadau, tusimwache mkongwe wetu.

Watu wanatuma. Buku mbili, buku tano, mwenye nacho elfu hamsini. Baada ya siku tatu kundi linarudi kwenye ubishi wa penalti ya Jumapili. Inapita miezi, unaingia ujumbe mwingine, jina lingine, na namba nyingine ya kutuma.

Zamani jibu lilikuwa jepesi: mpira wa Bongo haukuwa na hela. Leo jibu hilo limechuja. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, na mwaka huohuo Benki ya NBC ikaingia kudhamini Ligi Kuu. Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaanza kununua mabao ya Simba na Yanga kwenye michuano ya CAF, Sh5 milioni kwa kila bao. Mkwanja upo. Si kwa wote wala si sawa kwa wote, lakini upo kuliko wakati wowote ambao ligi hii imewahi kuchezwa.

Kinachosumbua ni saa. Mwalimu, karani na dereva wa serikali wana miaka 30 na kitu ya kufanya kazi kabla ya kustaafu. Mchezaji anastaafu wakati wenzake aliosoma nao ndiyo kwanza wanapandishwa cheo.

HESABU YA MIEZI 180

Mchukulie beki wa mfano, mpe jina lolote. Anasaini mkataba wa kwanza wa Ligi Kuu akiwa na miaka 19. Akijitunza, goti likimhurumia, makocha wakimuelewa, anafika miaka 34 akiwa bado anapanda na kushuka pembeni. Hapo kacheza miaka 15. Miaka 15 ni miezi 180.

Sasa sikia hii. Miezi 180 ndiyo idadi ya chini ya michango ambayo Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, unataka mwanachama awe nayo ndipo aanze kulipwa pensheni ya uzeeni ya kila mwezi. Ukiangalia haraka unaweza kudhani sheria iliandikwa na mtu wa mpira.

Ila kwa beki wetu kufikisha 180, kila mwezi wa miaka hiyo 15 lazima uwe umelipiwa. Dirisha moja akikosa timu, miezi sita imekwenda. Akienda kucheza nje ya nchi misimu miwili, mwajiri wake wa huko hamlipii NSSF ya Tanzania. Akiangukia klabu inayolipa mishahara kwa mafungu, mchango wa NSSF ndio wa kwanza kusahaulika, kwa sababu mshahara ukichelewa mchezaji atapiga kelele, lakini mchango usipopelekwa anaweza kukaa mwaka mzima asijue.

Halafu kuna umri. Kustaafu kwa hiari kunaanza miaka 55, kwa lazima ni 60. Kwa hiyo hata beki aliyetimiza miezi yake yote 180, asiyekosa hata mmoja, akitundika daluga na miaka 34 anasubiri miaka 21 ndipo aone pensheni ya kwanza.

Miaka 21! Mtoto aliyezaliwa siku baba yake anaagwa uwanjani atakuwa chuo kikuu, na baba bado hajaanza kulipwa.

Ndiyo maana mchezaji anahitaji mipango miwili. Upo uzee wa kawaida, wa kuanzia 55 kwenda mbele, ambao NSSF inaweza kuubeba kiasi. Na lipo shimo la katikati, kati ya 34 na 55, ambalo hakuna mfuko wowote wa serikali uliotengenezwa kwa ajili yake. Wengi wanaoishia kuchangiwa kwenye makundi ya WhatsApp wameangukia kwenye shimo hilo. Hawajafika uzeeni bado.

"TUKUPE YOTE MKONONI"

Mpango wa kwanza unaanza siku ya kusaini. Mchezaji mwenye mkataba na klabu ni mwajiriwa, na sheria inataka mwajiri amsajili NSSF na kupeleka asilimia 20 ya mshahara wake kila mwezi. Kwa kawaida inagawanywa nusu kwa nusu, 10 inakatwa kwa mchezaji, 10 inatoka kwenye mfuko wa klabu.

Hapo ndipo inapokuja lugha tamu. Kijana anaambiwa asijisumbue na makato, apewe fedha yake yote mkononi. Anaona kama amependelewa. Tufanye mshahara wake ni Sh1.5 milioni. Kweli, Sh150,000 yake haikukatwa. Lakini na Sh150,000 ya klabu haikutoka. Kwa mwaka amepoteza Sh1.8 milioni ambayo haikuwa ya mfukoni kwake, ilikuwa ya klabu. Kwa misimu kumi ni Sh18 milioni, na aliyefurahi ni mhasibu wa klabu.

Ipo na ile ya mshahara mdogo kwenye karatasi na bahasha pembeni. Mkataba unasema laki tano, nyingine inapita kama posho au ahadi ya mfadhili. Bahasha haina mchango. Siku ikifika ya kupiga kikokotoo, NSSF wanaangalia kilichoandikwa na kupelekwa, hawaangalii alichokuwa akitamba nacho kijiweni.

Kuangalia kama michango inaingia si kazi ya wakala wala ya meneja wa timu. Mwanachama mwenyewe anaweza kuomba taarifa ya michango yake ofisi yoyote ya NSSF, au kuiangalia kwenye simu. Hiyohiyo anayotumia kuangalia msimamo wa ligi.

Wapo pia wanaoamini kwamba wakiachwa na klabu wataenda kuchukua michango yao yote wafungue biashara. Fao la kujitoa liliondolewa. Lililopo ni fao la kukosa ajira, ambapo mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 analipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Linasaidia kulipa kodi ya nyumba mpaka dirisha dogo. Mtaji halitoi.

Kuna kingine ambacho wachezaji wengi hawakijui kabisa. Ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Huu unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kazi yake ni kumfidia mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Sasa kazi ya mchezaji ni nini kama si kupigwa buti kila Jumamosi? Anayevunjika mguu mazoezini anatakiwa aulize jambo moja kabla ya kuanza kuchangisha: klabu yangu imejisajili WCF?

MAAFANDE WANACHEKWA BURE

Vijana wa sasa wanaposikia majina ya Reli ya Morogoro, Bandari, CDA ya Dodoma, Sigara, Pilsner au Ushirika ya Moshi wanadhani zilikuwa timu kama timu nyingine. Hapana. Zilikuwa timu za mashirika, viwanda na ushirika, na mchezaji aliyesajiliwa pale alipewa na kazi. Asubuhi yupo karakana au stoo, jioni yupo mazoezini. Mshahara wake ulikuwa wa fundi au karani, haukuwa wa staa, na hakuna aliyemuona na gari.

Lakini miguu ilipochoka alirudi karakana moja kwa moja. Mchango wake uliendelea kukatwa. Mashirika ya umma yalikuwa na mfuko wao wa pensheni, PPF, tangu 1978, na kwa waajiriwa wengine ulikuwapo mfuko wa akiba, NPF, tangu 1964, ambao kwa sheria ya 1997 ndio ukawa NSSF. Hakuna aliyekaa na mchezaji kumfundisha kuweka akiba. Mfumo ulimwekea, apende asipende.

Miaka ya 1990 ubinafsishaji ukapita. Mashirika mengine yakafa, mengine yakauzwa, wengi wakapunguzwa kazi kabla ya muda, na timu zikaondoka na wenyewe. Kilichokuja badala yake ni mchezaji wa kulipwa wa kweli, mwenye mkataba wa mwaka mmoja au miwili, fedha ya usajili, na wakala. Anapata kwa mwezi alichokuwa akipata mchezaji wa Reli kwa miaka. Asichokuwa nacho ni karakana ya kurudi.

Mabaki ya ule mfumo yapo kwa maafande. Tanzania Prisons ya Mbeya, JKT Tanzania, Mashujaa ya Kigoma. Mchezaji aliyeajiriwa jeshini ana cheo, ana mshahara wa utumishi, na siku ya kutundika daluga anavaa sare nyingine na maisha yanaendelea mpaka mafao yake ya utumishi. Mashabiki wa Dar huwacheka wale wanaogoma kuacha ajira wakaja Kariakoo. Wanaambiwa waoga.

Ni suala la hesabu tu. Dau la Kariakoo linaweza kuwa kubwa mara kumi na bado likawa dogo, kama mkataba ni wa miaka miwili na kinachoachwa ni ajira ya miaka 25 iliyobaki. Kwa straika wa miaka 21 mwenye uwezo wa kufika mbali, kuondoka kunaweza kuwa sahihi. Kwa kiungo wa miaka 30 anayesajiliwa kuongeza idadi benchini, kukataa ni akili.

Na ipo njia ya tatu, ya shule. Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyocheza Fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980 kule Lagos. Alikuwa pia amesoma uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpira ulipoisha hakuwa na haja ya kutafuta kazi kwa jina la mpira. Aliongoza Shirikisho la Viwanda Tanzania, na kati ya 2004 na 2013 akawa rais wa TFF. Si kila mchezaji atakuwa mhandisi, hilo linajulikana. Lakini cheti cha VETA cha umeme wa magari hakimzuii mtu kupiga krosi.

UKOO MZIMA UMESAJILIWA

Fedha ya usajili ina tabia moja mbaya. Inakuja kwa mkupuo, na kila mtu anajua siku iliyoingia, kwa sababu magazeti yameiandika, na hili likiwemo.

Ndani ya wiki mjomba ana wazo la Noah ya kwenda Mbagala. Shemeji amepata shamba la matikiti Mkuranga. Rafiki wa shule ya msingi anataka kufungua duka la simu, wewe weka fedha tu, yeye ataweka nguvu. Na mwenyewe ameshaonyeshwa Crown nyeusi pale yadi, anaambiwa iondoke leo kabla haijachukuliwa na mwingine.

Crown inakunywa mafuta, Noah inagongwa mwezi wa tatu, matikiti yananyeshewa, duka la simu linahama bila kuaga. Msimu wa pili ukianza, kijana anacheza ili kulipa madeni ya msimu wa kwanza.

Kusaidia ndugu si kosa, tuelewane. Mama aliyeuza maandazi ili njumu za kwanza zipatikane hasubirishwi mpaka mtu afikishe miaka 55. Tatizo ni kusaidia bila kiwango. Mchezaji anayetenga fungu la ndugu kila mwezi, kiasi kinachojulikana, anaweza kumwambia mjomba fungu la mwezi huu limeisha na asiwe amesema uongo. Asiye na fungu hana cha kujibu, maana mjomba alisoma gazeti.

Na wala si tatizo la Bongo peke yake. Emmanuel Eboué alicheza Arsenal, akafika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2006, akaenda Galatasaray. Desemba 2017 alilieleza gazeti moja la Uingereza namna alivyofilisika, na kwamba kwenye mambo ya fedha hakuwa na elimu. Mtu aliyelipwa kwa wiki kile ambacho wengi hapa hawakipati kwa miaka mingi.

KUJAZA LILE SHIMO

Turudi kwa beki wetu wa Sh1.5 milioni. NSSF ameshakatwa. Tuseme anaamua asilimia 25 ya mshahara, Sh375,000, haigusi. Inaondoka siku mshahara unapoingia, kabla ya kitu kingine chochote. Kinachobaki mwisho wa mwezi huwa hakipo, kila mtu anajua.

Akianza na miaka 22 na kuacha akiwa na 34, hiyo ni miaka 12. Kwa kuificha tu ndani ya godoro ingekuwa Sh54 milioni. Ikiwekwa mahali inapozaa wastani wa asilimia 10 kwa mwaka, na faida ikabaki humohumo, inavuka Sh100 milioni. Asilimia 10 ni mfano, hakuna mtu makini atakayekuahidi. Ila angalia kinachotokea akichelewa. Akianza na miaka 28, fedha ileile kwa mwezi, faida ileile, anamaliza na Sh36 milioni na ushei. Miaka imepungua nusu, fedha imebaki kama theluthi.

Kwa mfano huohuo, Sh100 milioni inayozaa asilimia 10 inatoa Sh10 milioni kwa mwaka bila kuguswa yenyewe, sawa na Sh833,000 kwa mwezi. Si maisha ya staa. Ni kodi, ada na ugali, na hakuna namba ya kutuma mchango.

Mahali pa kuiweka pako karibu kuliko watu wanavyodhani. UTT AMIS ina mifuko ya uwekezaji wa pamoja tangu Mfuko wa Umoja ulipoanza mwaka 2005. Mfuko wao wa Ukwasi unaanza na Sh100,000 na kuongeza ni kuanzia Sh10,000, na ukiwa na shida unatoa ndani ya siku chache. Huo unamfaa mchezaji, ambaye leo yupo Dar na kesho yupo Bukoba, hana muda wa kusimamia matikiti.

Kwa wenye fungu kubwa zipo hatifungani za serikali, zile Benki Kuu inazouza kwa mnada. Unaingia kupitia benki au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kiwango cha chini Sh1 milioni. Mwaka 2022 ya miaka 25 ilitolewa kwa riba ya asilimia 12.56. Aliyeweka Sh20 milioni pale anapokea Sh2,512,000 kila mwaka, inayolipwa mara mbili, Sh1,256,000 kila baada ya miezi sita, kisha milioni 20 yake inarudi miaka 25 ikiisha. Riba hubadilika kila zinapotolewa mpya, kwa hiyo mtu aulize ya wakati huo. Na bei za vitu nazo zinapanda, milioni mbili ya leo haitakuwa milioni mbili ya miaka 20 ijayo.

Lakini tazama umri. Mchezaji anayenunua hatifungani ya miaka 25 akiwa na miaka 30 inaiva akiwa na 55. Yaani inampokea kipa mkononi na kumkabidhi NSSF mlangoni. Kwa nini mawakala hawawaambii wateja wao jambo hili ni swali zuri. Pengine kwa sababu hatifungani haina kamisheni ya wakala wa mpira.

Viwanja navyo? Machi 2019, siku moja baada ya Stars kuichapa Uganda 3-0 na kufuzu AFCON ya Misri, Rais John Magufuli aliwaita wachezaji Ikulu na kuwapa viwanja Dodoma. Zawadi ya heshima, na ardhi ya makao makuu haishuki bei. Tatizo la kiwanja ni kwamba hakilipi ada ya mtoto Januari. Mchezaji aliyeweka kila kitu kwenye viwanja vitatu na msingi wa ghorofa usioisha ni tajiri kwenye makaratasi, na siku ya shida anauza kwa bei ya shida. Kiwanja sawa, ila kisiwe peke yake.

BENCHI LA UKOCHA LIMEJAA

Ukiwauliza wachezaji mpango wao baada ya soka, wengi watakuambia ukocha. Mifano ipo na inavutia. Juma Mgunda, aliyekuwa mchezaji wa Coastal Union, aliinoa Simba. Selemani Matola alikuwa nahodha wa Simba, akarudi kwenye benchi la ufundi la timu hiyohiyo.

Ila Ligi Kuu ina timu 16. Kila msimu wanaotundika daluga ni wengi kuliko viti vinavyoachwa wazi, na leseni za CAF zinaanza D, C, B mpaka A, kila moja ina ada na muda wake. Anayetaka njia hiyo aanze kozi akiwa bado analipwa mshahara. Kusubiri mpaka uachwe, halafu utafute ada ya kozi kwa fedha ambayo haipo, ni kujifunga bao.

Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi. Mshahara wa mchezaji wa Ligi Kuu ya Wanawake ni mdogo kuliko wa wanaume, udhamini ni mdogo, na asilimia 25 ya kidogo ni kidogo zaidi. Kwao Mfuko wa Ukwasi hauna utani, ndiyo pa kuanzia.

Wenzetu waliona kwamba kumwachia kijana wa miaka 21 aamue peke yake ni kumwonea. Uholanzi wana mfuko wa wachezaji, CFK, tangu 1972. Sehemu ya kipato cha mchezaji inawekwa huko akiwa anacheza, kisha anaanza kulipwa kidogo kidogo akishaacha soka, hasubiri uzee. Yaani wao walilenga lile shimo moja kwa moja. England kulikuwa na utaratibu wa mchezaji kuanza kuchukua pensheni yake akiwa na miaka 35, na mfuko wao ulikuwa ukichangiwa na makato kwenye ada za uhamisho.

Hapa kwetu TFF na Bodi ya Ligi wanapitia mikataba ya wachezaji kabla ya kuwapa leseni ya msimu. Namba ya NSSF ingeweza kuwa sehemu ya fomu hiyo, kama ilivyo picha na cheti cha kuzaliwa. Hakuna namba, hakuna leseni. Haihitaji mfuko mpya wala semina ya hoteli. Ingehitaji klabu zikubali, na hapo ndipo pagumu, kwa sababu asilimia 10 ya kikosi kizima ni fedha.

Kwa aliyeshatundika daluga, mlango haujafungwa. Tuseme alicheza misimu yake na taarifa ya NSSF inaonyesha miezi 132. Wengi wakiona hivyo wanaikunja karatasi na kuitupa. Anaweza kuendelea kama mchangiaji wa hiari, awe anaendesha bajaji, anauza mitumba au anafundisha akademi ya mtaa. Miezi 48 iliyobaki ni miaka minne. Anaenda ofisi ya NSSF iliyo karibu, na namba yake ya zamani ya uanachama na kitambulisho cha NIDA.